Pua ya Nani?

Oda iliingia saa tano usiku, nikiwa nimeshazima taa. Mteja alikuwa mtu wa mbali, mwenye tovuti ya wazazi, na alitaka maneno 1,000 kabla ya asubuhi yake: shughuli rahisi za kumfundisha mtoto mdogo kuhusu uso na viungo vyake. Malipo dola 8. Mimi huishi kwa oda kama hizo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandika namna ya kuchagua zulia na namna ya kumtunza paka mzee, na sijawahi kuwa na zulia wala paka. Nikawasha taa, nikafungua laptopu.

Kazi haikuwa ngumu. Kioo kisichovunjika. Picha za familia ukutani, usawa wa macho ya mtoto. Wimbo wa kugusa kichwa na mabega. Unga wa kuchezea wenye rangi. Karatasi ya duara ambayo mtoto anabandika macho, pua na mdomo. Kujificha nyuma ya kitambaa na kutokea ghafla. Kufikia saa nane nilikuwa na shughuli kumi, kila moja na kichwa chake kidogo na orodha ya vifaa. Nikatuma. Mteja akajibu baada ya dakika chache, ati inaonekana nina uzoefu mwingi na watoto.

Ni kweli nina mtoto. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, anakaa Homa Bay kwa kina mama yake, na kila alipoona uso wangu alilia.

Nitaeleza haraka tulivyofika hapo, maana si hadithi ngeni. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, karo ya muhula uliopita haijakamilika, mama yangu amefariki miezi minne kabla, na msichana niliyekuwa naye akaniambia ana mimba. Niliacha chuo nikisema ni kwa muhula mmoja tu. Nikarudi Migori, nikapanga chumba, nikaanza kuwaandikia watu. Yeye akarudi kwao, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama uani unaiona Got Asego imechongoka kama chungu kilichofunikwa. Akajifungua huko. Baadaye akapata nafasi chuo cha ualimu, mtoto akabaki na nyanya yake, pamoja na dani, ambaye ni nyanya wa mama yake.

Ayie sijapeleka. Kwa asiyejua, hiyo ni pesa ya kwanza anayopelekewa mama wa msichana, na neno lenyewe maana yake ni "nimekubali." Bila ayie, mimi pale nyumbani si mkwe na si mgeni wa kawaida. Niko katikati. Naketi sebuleni, naletewa chai. Na yule ambaye angekuwa maro wangu, mama mkwe, hatupeani mkono wala hatutazamani usoni, kwa sababu kwetu Wajaluo heshima ya mkwe na maro iko hivyo. Huyu akipita, yule anainamisha macho. Kwa hivyo nyumba ambamo binti yangu anajifunza sura za watu ni nyumba ambamo watu wazima wawili wanakwepana sura kwa adabu.

Tena yeye mwenyewe alikuwa ameshachezewa mchezo wa kwanza wa uso kabla hajamaliza wiki moja duniani. Amefanana na nani? Hakuna nyumba isiyoucheza. Macho ya huyu, masikio ya yule, paji la babu. Lakini kwa mtoto ambaye baba yake hajajitokeza rasmi, mchezo huo unakuwa kama kesi, na ushahidi ni pua. Niliambiwa kwa simu kwamba mmoja wa shangazi alimshika mtoto, akamgeuza upande wa dirisha, akasema, "Pua hii siijui."

Baba yangu aliomba mtoto apewe jina la marehemu mama. Wakakubali, na hilo lilinishangaza. Tangu hapo mzee, ambaye amemwona kwenye picha tu, humwita "bibi yangu" na kucheka. Kisha huvuta picha kwa vidole viwili hadi uso ujae simu nzima, anautazama, na hacheki tena. Najua anamtafuta nani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwenda mara mbili mwaka wa kwanza. Halafu miezi minane sikufika. Ningesema ni pesa, na pesa ilikuwa sababu, lakini kulikuwa na aibu pia, na aibu haina nauli. Tulionana Jumapili kwa video. Mama yake akiwa nyumbani alimshika mapajani, mimi nikapunga mkono, mtoto akabusu kioo cha simu, bando likaisha.

Jumamosi baada ya ile oda, pesa ya mteja ikiwa imegeuka nauli, nilipanda matatu Migori nikapita Awendo hadi Rongo, na Rongo nikaingia Probox, watu wanne kiti cha nyuma, tukapita Rodi Kopany hadi Homa Bay. Nilibeba sukari, mkate, na kioo cha plastiki nilichokinunua kwa sababu kilikuwa namba moja kwenye orodha yangu.

Mtoto alikuwa uani kwenye mkeka, dani anamlisha uji. Aliniona nikiwa bado mlangoni mwa boma. Kijiko kilisimama. Uso wake ulijikunja kuanzia kidevuni, kama karatasi inayokunjwa, na kilio kikatoka. Dani akamgeuza akatazama ukuta, amalize uji. Nilielewa. Kwetu mtoto akila halishwi mbele ya macho ambayo hayajajulikana, kuna sihoho, kuna watu ambao jicho lao humdhuru anayekula. Dani hakunishuku, sidhani. Lakini macho ni macho, na yangu yalikuwa mageni.

Mama yake, aliyekuwa likizo, akaona afanye mambo kuwa rahisi. Akatoa simu, akamwonyesha picha yangu. "Huyu ni nani?"

"Baba," mtoto akasema, akagusa kioo.

"Na huyu hapa?" Akaninyooshea kidole.

Mtoto akanitazama mimi, akatazama simu, akanitazama tena. Akaanza kulia upya.

Nilitaka kumbeba. Mama yake akanizuia kwa mkono. "Usimshike. Kaa tu chini. Wewe umezoea kumwona, yeye hajakuzoea."

Nikakaa chini. Kioo cha plastiki kilibaki mfukoni. Saa tisa nikaondoka ili nisikose gari la Rongo.

Usiku huo, Migori, nilifungua makala yangu na kuisoma kama mzazi. Ilikuwa safi. Haikuwa na kosa la kisarufi. Lakini katika shughuli zote kumi hakuna hata moja iliyokuwa na neno la kumwambia mtu ambaye uso wa kufundishiwa ni wake, na mtoto anaukimbia. Nikaanza kusoma zaidi, safari hii bila kulipwa.

Kumbe mtoto hafundishwi kwamba uso ni uso. Anakuja nao. Mwaka 1975 Carolyn Goren na wenzake, kule Marekani, walichapisha utafiti ambao walichukua watoto waliozaliwa dakika chache zilizopita, wakapitisha mbele yao vibao vyenye michoro. Kimoja kilikuwa na macho, pua na mdomo vikiwa mahali pake. Vingine vilikuwa na viungo hivyo hivyo vimevurugwa. Watoto walifuata kwa macho ule uso uliopangika kuliko ile mingine. Walikuwa bado hawajamwona mtu yeyote vizuri. Na kufikia karibu miezi minane, watoto wengi huanza kuogopa nyuso ngeni, jambo ambalo wazazi hulilalamikia ingawa ni maendeleo: mtoto ameshatenganisha anaowajua na asiowajua. Yaani binti yangu aliponililia alikuwa anafanya hesabu yake sawasawa. Aliangalia uso, akatafuta mahali pake, hakupapata.

Uso kwa jumla ni zawadi ya kuzaliwa. Uso wa mtu fulani ni lazima mtu huyo aulete mwenyewe, tena na tena. Nilijiwekea kwenda kila Jumamosi ya pili, nitafute maneno ya ziada ya kuandika.

Mara ya pili nilikaa na dani. Dani haogopi mtu. Amepita miaka tisini kwa hesabu ya nyumbani, na mambo ya kuinamisha macho mbele ya mkwe yeye anaona ni ya vijana. Hakuwa na kioo wala karatasi za duara. Alikuwa na swali moja tu. "Umi ere?" Pua yako iko wapi? Mtoto anagusa pua yake. "Wang'i ere?" Anagusa jicho, mara nyingine analichoma, anashtuka. Kwa mama yake ni pua, kwa dani ni um, na kwenye katuni za televisheni ya jirani ni neno la tatu la Kiingereza. Mtoto alikuwa amechagua la dani, kwa sababu dani ndiye aliyekuwepo.

Halafu wakaingia mchezo wao wa meno. Dani anafungua kinywa. Chini mbele hakuna kitu, pengo la meno sita, laini kama ukingo wa kikombe. Mtoto anaingiza kidole kwenye pengo na kucheka hadi anakwama pumzi.

Wajaluo wa zamani waliwatoa vijana meno sita ya chini, wavulana kwa wasichana. Desturi hiyo iliitwa nak. Wapo wanaosema ilikuwa ili mtu akishikwa na pepopunda, taya zikikaza, apate pa kunyweshewa uji. Wengine wanasema ilikuwa alama tu: ukimwona mtu akitabasamu, popote pale, unajua ni wa kwenu. Shule na makanisa yakaja, desturi ikafifia, na leo unaiona kwa wazee wachache tu. Nilimuuliza dani kama iliuma. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la mtoto. "Sikulia," akasema. "Aliyelia alisemwa mpaka akazeeka."

Nilipokuwa nawatazama nikagundua kitu. Meno ya kwanza ya mtoto huota chini, mbele. Binti yangu alikuwa na yale yale ambayo dani hana. Alipitisha kidole kwenye pengo la dani, kisha akakileta kinywani mwake akagusa meno yake, kisha akarudi kwenye pengo. Alifanya hivyo labda mara saba. Hakuna aliyekuwa amempangia somo hilo, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nimekaa kimya, na hakulia.

Mara ya tatu niliharibu. Nilikuwa na oda ya kukabidhi kabla ya saa kumi jioni, na nilidhani nitaimalizia kwenye simu wakati mtoto amelala. Hakulala. Alitoka nyumbani na leso ya nyanya yake kichwani, akasimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja mwenyewe. Alijifunika, akajifunua, akangoja. Mimi nikasema "eeh" bila kuinua macho, nilikuwa katikati ya sentensi. Akajifunika tena, akajifunua. Sijui alifanya mara ngapi. Nilipobonyeza kutuma na kuinua uso, nilimwona mgongo tu, anaelekea jikoni, leso inaburuta vumbi.

Kuna jaribio ambalo kila anayesomea watoto hulifahamu, la Mmarekani Edward Tronick, lililochapishwa mwaka 1978. Mama anacheza na mtoto wake vizuri, kisha anaambiwa aukaushe uso, asicheke, asijibu, amtazame tu mtoto kwa dakika chache. Mtoto anatabasamu, anaona hajibiwi. Anajaribu tena, ananyoosha mikono. Mwishowe anageuka pembeni na mwili unalegea. Nilikuwa nimeshalisoma kabla ya siku hiyo. Nilikuwa hata nimeliweka kwenye oda ya mtu mwingine, kwa dola 5. Na bado nilimkaushia mtoto wangu uso ili nimalize aya kuhusu mashine za kukausha nguo.

Mama yake aliona yote kutoka mlangoni. Hakusema kitu. Aliniwekea chai na kurudi ndani, na hiyo chai niliinywa ikiwa imepoa.

Kilichonirudisha kwenye mchezo ni samaki. Jumamosi ya nne kulikuwa na ngege mzima mezani, au tuseme kwenye mkeka, chini ya mwembe, mimi na dani na mtoto, wengine wakiwa jikoni. Wala hakugeuzwa tena kutazama ukuta. Sikusema lolote kuhusu hilo, lakini nililiona. Dani akageuza kichwa cha samaki. "Wang'e ere?" Jicho lake liko wapi? Mtoto akalichoma kwa kidole, likatoka, akalitazama, akalila. "Dhoge ere?" Mdomo, huo hapo, umeachama. Kisha dani, kwa uchokozi, akauliza, "Ite ere?" Sikio lake?

Mtoto akatafuta. Akamgeuza ngege upande wa pili. Akainua kifuniko cha matamvua, akachungulia, akakishusha. Akamtazama dani, anayecheka na pengo lake lote. Akashika sikio lake mwenyewe, kuhakikisha bado lipo. Halafu akainua kidole chenye mchuzi, akakielekeza kwangu, pembeni ya kichwa.

"It," akasema.

Nikalivuta sikio langu. "Eeh, it."

Akarudi kwa samaki. Samaki hana masikio ya kuonekana, na watu wanayo, hata yule mtu wa Jumamosi anayo. Sijawahi kusoma mahali popote kwamba kifaa bora cha kumfundisha mtoto uso ni ngege wa kuchemsha. Lakini ukikaa kandokando ya ziwa, kila mlo una nyuso. Hata omena, wadogo vile, kila mmoja ana macho mawili na anakutazama kutoka kwenye sahani.

Baada ya samaki nilijaribu vya kwangu. Nilimtengenezea uso kwa ugali: nikaukandamiza kwenye sahani, punje mbili za maharagwe kutoka kwenye nyoyo zikawa macho, punje ya mahindi pua, jani la sukuma wiki mdomo. Vyote vimeiva, maana mtoto wa umri huo hukijaribu kila kitu kwa kinywa. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, humu humu kaunti ya Homa Bay, Mary Leakey alipata vipande vya fuvu la kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, yule aliyejulikana kwa jina la Proconsul, na vipande vikaunganishwa hadi uso ukatokea. Uso wangu wa ugali haukumaliza dakika moja. Alikula macho kwanza.

Kioo nilikitoa Jumamosi ya tano. Nilikuwa nimesoma kuhusu jaribio la alama: unampaka mtoto doa usoni bila yeye kujua, unamweka mbele ya kioo. Akigusa doa kwenye uso wake mwenyewe, wanasema, ameshajitambua. Watoto wengi wa Ulaya na Marekani hufanya hivyo kati ya miezi 18 na 24. Nilimpitishia kidole chenye unga puani, nikaketi nyuma yake, nikashika kioo mbele yetu.

Hakugusa pua. Alituliza macho kwenye kioo, kimya kabisa, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Nilihisi kitu kinashuka tumboni. Niliwaza miezi minane. Niliwaza nimemharibu.

Usiku nikatafuta, na nikapata utafiti wa mwaka 2011 wa Tanya Broesch na wenzake. Walifanya jaribio hilo hilo hapa Kenya kwa watoto 82, kuanzia wa mwaka mmoja na nusu hadi wa miaka sita. Waliogusa doa walikuwa wawili tu. Si kwamba watoto 80 wa Kenya hawajijui. Mtoto wa miaka sita anajijua, muulize nani amekula sukari uone. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba jaribio halimaanishi kitu kimoja kila mahali. Mtoto aliyelelewa asiguseguse vitu mbele ya wakubwa, akiwekewa kitu kigeni na mgeni, hutulia angoje kuambiwa afanye nini. Nilicheka peke yangu chumbani. Binti yangu hakuwa ameshindwa mtihani. Alikuwa na adabu.

Na hilo likanifanya nifikirie upya hata huu wasiwasi wangu wa uso kwa uso. Robert LeVine na wenzake walifanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wagusii, majirani zetu tunaopakana nao, na mwaka 1994 wakatoa kitabu kuhusu malezi yao. Walikuta akina mama ambao hawakai wakimkodolea mtoto macho na kumpigia soga kama mama wa Boston. Wanambeba, wananyonyesha haraka akilia, na mara nyingi wanamwachia dada yake mdogo amlee. Sisi tuna neno la mlezi huyo, japidi. Dani mwenyewe alikuwa japidi wa ndugu zake kabla hajafikisha miaka kumi. Mtoto wa mgongoni anajifunza shingo, harufu, na mlio wa moyo, na uso anaukuta mtu anapogeuka. Hakuna upungufu hapo. Watoto wa dani walikua, wakazaa, na mmoja wa uzao wao alinizalia binti.

Kwa hivyo sidhani siri ni kioo, wala ni kutazamana kwingi. Dani hana mbinu kuliko mimi. Yeye tu asubuhi yuko, mchana yuko, na swali lake ni lile lile la jana.

Lakini kile kioo kilikuwa na jambo jingine, ambalo nimelibakiza makusudi. Baada ya kutulia vile, mtoto aliona kwamba ndani ya kioo kuna nyuso mbili. Alitazama ya chini, yake, yenye unga. Akatazama ya juu. Akageuka taratibu, akaangalia nyuma, na akakuta ile ya juu iko pale, kubwa kuliko ya kwenye simu, ina ndevu, inapumua. Alinyoosha mkono akashika pua yangu. Aliishika kweli, vidole vinne na kucha.

"Um," akasema. Akaiachilia, akashika yake, unga ukamshika vidoleni. "Um."

Dani akaanza kupiga makofi. Na hapo, kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi nusu, nikasikia sauti ya maro. Hakusema na mimi, asingeweza. Alimwambia dani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya sokoni.

"Mama, si uone sasa. Hiyo pua ni moja."

Dani akajibu kwamba yeye aliiona siku ya kwanza, ni watu tu hawakumuuliza. Mimi niliinamisha macho kwenye mkeka, kama inavyotakiwa, na nikakaa hivyo kwa muda.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yaliisha hapo. Jumamosi iliyofuata nilikosa kwa sababu mteja mmoja hakulipa, na nilipokwenda tena mtoto alinilia kidogo mlangoni, akachukua dakika ishirini kunikubali. Ayie bado naitafuta. Mzee ameanza kuuliza bei ya mbuzi, kwa njia ya kuuliza mambo mengine. Chuo sijarudi.

Juzi yule mteja wa tovuti ya wazazi alirudi. Alisema makala ya nyuso inasomwa sana na anataka niiboreshe kwa dola 3: kwenye kila shughuli niongeze mstari wa muda, wazazi siku hizi wana haraka, wanataka kujua kitu kinachukua dakika ngapi. Nilipitia moja baada ya nyingine. Kioo, dakika tano. Kujificha nyuma ya kitambaa, dakika tano. Uso wa chakula, dakika kumi pamoja na kusafisha. Nikaongeza ya kumi na moja bila kuombwa, mpe mtoto samaki mzima amtafutie masikio, na hiyo nayo nikaiandikia dakika tano.

Zote ni kweli, nimezipima mwenyewe. Barabara ya kutoka Migori, kubadilisha gari Rongo, na kungoja Probox ijae, hakuuliza. Nikatuma, nikahesabu zilizobaki kwenye simu. Kesho ni Jumamosi.